Mkono Huu Sitauosha

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Mfunguo Tano, 1375

Kwa mama yangu mzazi, Bibi Mwanamkasi binti Kitwana, Bagamoyo.

Shikamoo mama. Miguu yako i mbali nami leo, lakini ipokee shikamoo hii kama ningekuwa nimepiga magoti ukumbini kwako. Naulizia kifua chako, kama kikohozi cha kusi kimekuachia, na kama yale mafuta ya mkaratusi niliyokupelekea yamekufaa. Kaka Pazi naye na watu wake, natumai wote wazima. Mimi sijambo. Shangazi Mwanabaraka hajambo ila magoti, na magoti yake unayajua, yakishaanza hayana mwisho wala dawa.

Nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizonifundisha wewe mwenyewe, ili usimpe mtu akusomee. Salumu ni mtu mwema na ametusomea barua miaka mingi, lakini hana kifua, na haya ninayokuandikia sitaki yafike sokoni kabla hayajafika moyoni mwako. Isome peke yako, taratibu, maana ni ndefu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unasema Mwinshehe anataka kunioa tena kwa nikahi mpya, na mama yake, Bi Biubwa, amekubali kwa sharti moja. Maulidi ya Mfunguo Sita nije nyumbani kwake, niketi mkekani mbele ya wanawake, nioshwe mkono wa kulia kwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, kisha niseme kwa kinywa changu kwamba mkono huu ulikuwa mbaya na ninaomba radhi. Ukaniandikia nikubali kwa kuwa ni maji tu, na kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

Nimeyasoma maneno hayo mara nne. Jawabu langu ni la, mama. Nalitanguliza hapa juu ili usihangaike kulitafuta huko chini. Sasa nipe ruhusa nikueleze kwa nini, kwa kuwa tangu siku ile hakuna mtu wa Bagamoyo aliyewahi kuniuliza kilichotokea. Wote walikuwa wanajua tayari.

Unakumbuka nilivyotoka fungate. Bibi harusi wa nyumba ile hupewa chungu kipya siku ya nane, akaambiwa aumue mkate wa kumimina ili wakwe waonje mkono wake. Ulinipa mchele ulioupepeta mwenyewe, nazi, iliki, na chupa ya tembo tamu la mnazi la kuumulia, lile ambalo mashehe wetu huila mikate yake bila kuuliza iliumukaje. Nililoweka mchele, nikasaga, nikatia tui na sukari na tembo, nikafunika. Asubuhi nilikuta rojo limelala vile vile nilivyoliacha, halina hata povu moja. Nikalioka hivyo hivyo kwa kuwa wageni walikwishafika. Bi Biubwa aliumega mkate, akautazama, akaurudisha siniani.

Mara ya pili ilikuwa Ijumaa iliyofuata, nao ukalala. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa pili wa ndoa yangu, mbele ya watu wa hitima. Hapo Bi Biubwa akasema kwa ile sauti yake ya kuhutubia kwamba mkono wangu umekufa, na kwamba kinachoguswa na mkono ule hakipandi, uwe mkate au mimba. Miezi miwili, mama. Hata kuku hupewa muda zaidi. Siku ya tatu baada ya hapo Mwinshehe aliniandikia talaka moja, akanipa mkononi huku akitazama ukutani.

Nikarudi kwako. Hapa nitasema neno ambalo nimelimeza kwa miaka minne. Ulinipokea vizuri, ukanitandikia chumba changu, hukunilaumu. Lakini asubuhi ya pili nilipokuja jikoni kukusaidia vitumbua, uliliwekea kifuniko bakuli la unga kabla sijalifikia. Baada ya hapo kila shughuli niliyokwenda walinipa kisu na kapu la vitunguu, nikae mbali na vyakula vingine. Ya watu niliyavumilia. Lile bakuli lako ndilo lililonitoa Bagamoyo.

Shangazi akanichukua. Jirani yake mmoja alikuwa akifagia katika nyumba ya wataalamu kule upande wa bahari, akasikia kwamba wanatafuta mtu wa kuosha chupa asiyevunja. Nikajiambia mkono mfu hauna papara, nikaenda. Ulipata kuniuliza ninafanya kazi gani kwa wazungu nikakujibu kwamba naosha vyombo. Haukuwa uongo, ila haukuwa ukweli wote.

Mkubwa wa pale tunamwita Bwana Mizani, kwa kuwa hupima kila kitu, hata chumvi ya yai lake. Alikuwa akichunguza hamira ya tembo la mnazi. Hamira ya kopo huja kwa meli, nyingine hufika imekwisha kufa, na yeye alitaka kujua kama hii yetu ingeweza kushika nafasi yake kwa waoka mikate. Karani wake alikwenda likizo Tanga akanogewa huko, basi mimi niliyekuwa naosha chupa nikafundishwa kupima vilivyomo ndani ya chupa. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili chake kibovu na Kiingereza changu kibovu zaidi, na tulielewana.

Usichoke mama, hapa ndipo penyewe. Sukari ya dukani ni vipande viwili vilivyoshikana, na hamira haiwezi kuila mpaka vitenganishwe. Kwa hiyo hamira hutengeneza kitu cha kuikatia. Wao wanakiita enzaimu. Mimi nakiita kisu, maana kazi yake ni kukata tu. Ukiiponda hamira ikafa, ukachuja maji yake, kile kisu kimo ndani ya maji na kinaendelea kukata kama kawaida. Lakini kisu kikikwama, hamira inakaa na njaa mbele ya sukari tele, haitoi povu, na mkate haupandi hata ukiusomea.

Sasa, palikuwa na vichupa kumi na vinne vya unga mweupe. Ni asidi za amino. Nyama, samaki, kunde, maziwa, mwili wako na wangu, vyote vimejengwa kwa hizo. Ziko namna ishirini hivi, na kila moja ina tabia yake. Bwana Mizani alitaka kujua kila moja inakifanya nini kile kisu. Tulitia maji ya hamira na sukari katika neli za kioo, kila neli ikapewa asidi yake, tukaziweka katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Kisha tukatia dawa ya buluu na kuchemsha. Sukari iliyokatwa huigeuza dawa ile ikawa nyekundu ya tofali. Isiyokatwa huiacha na ubuluu wake.

Siku hiyo karibu zote ziligeuka. Ile iitwayo glisini ilikuwa kama haimo. Asparajini ilitoka nyekundu kuliko hata neli isiyotiwa kitu. Nyingine mbili zilivutavuta, zikageuka kwa uvivu. Moja ikabaki buluu kabisa, nayo jina lake ni histidini. Tukarudia kesho yake, na kesho kutwa, na ikabaki buluu.

Bwana Mizani hakuridhika. Alisema huenda histidini inaihadaa ile dawa ya buluu yenyewe, na kisu hakina neno. Nikamwambia tutie asali. Akaniuliza ya nini. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alinifundisha kuwa sukari ya asali nyuki wamekwisha kuikata. Basi tutie asali na histidini bila hamira, na dawa ikigeuka tutajua haihadaiki. Tukatia, ikawa nyekundu papo hapo. Akaniambia nivute kiti. Mama, nilikuwa nimefanya kazi mle ndani karibu miaka miwili kwa kusimama.

Alipokuja kuandika taarifa yake nikamwuliza jina langu liko wapi. Akasema taarifa ni ya mtaalamu. Daftari ambalo mimi huandikia hesabu za kila siku naliandika kwa herufi hizi unazosoma, na aliwahi kulifungua akadhani ni dua. Basi nikachukua nakala ya taarifa yake, nikaandika jina langu na la marehemu baba ukingoni mwa kila karatasi, kwa herufi hizi hizi. Ikaenda hivyo hivyo kwa wakubwa wake. Wakidhani ni pambo, shauri yao.

Lakini si hilo nililotaka kukuambia. Siku moja nilimwuliza histidini hupatikana wapi nje ya vichupa. Akanijibu kwamba iko katika nyama zote, ila imo kwa wingi sana, tena imelegea tayari kutoka, katika samaki wenye nyama nyekundu wanaokwenda mbali, na jodari ndiye wa kwanza wao. Ukimchemsha, akasema, inabaki kwenye supu.

Nilikuwa nimeshika neli tano. Niliziweka mezani moja moja, kisha nikatoka nje, nyuma ya ukuta, nikalia. Usidhani nililia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Wewe unajua desturi ya chungu kipya. Kinavuja, lazima kikazwe kwa kuchemshiwa kitu mpaka vitundu vyake vizibe. Kwetu huchemshwa uji wa muhogo, na kila nyumba ina chake. Nyumba ya Bi Biubwa ni ya wauza jodari, na chungu chao hukazwa kwa supu ya jodari siku tatu, mpaka ikaukie ndani. Hicho ndicho chungu cha bibi harusi nilichopewa. Harufu nani angeijali, nyumba nzima inanuka samaki toka ukumbini mpaka chooni. Tena kila mkate ulipokataa, Bi Biubwa alisema chungu hakijakolea, akakirudisha mekoni kuchemshiwa jodari upya. Mimi nilimsaidia kuchochea kuni, nikamshukuru.

Sikutosheka na maneno ya neli, kwa kuwa wewe hukufukuziwa mtoto na neli. Nilinunua vyungu vitatu kwa mfinyanzi mmoja, siku moja. Cha kwanza nikakikaza kwa uji. Cha pili kwa maji ya chumvi, maana najua kuna atakayesema ni chumvi ya samaki. Cha tatu kwa jodari siku tatu, mpaka majirani wakaja kuuliza tumeficha nini uani. Nikasaga mchele wa mara moja, nikakoroga mwenyewe katika beseni moja kwa mkono huu, nikaugawa sawasawa. Cha uji kiliumuka mpaka kikamwagika. Cha chumvi kilichelewa kidogo, kikafika. Cha jodari kililala.

Kisha nikamwomba shangazi akoroge yeye, mkono ambao Kariakoo nzima huuapia, tukamimina katika kile cha jodari baada ya kukichemshia tena. Asubuhi tukakifunua pamoja. Kilikuwa kimelala kama changu. Shangazi alikitazama, akasema basi na yeye apelekwe Bagamoyo akaoshwe.

Utaniuliza habari za Mwanvita, mke wa kaka yake Mwinshehe, aliyepewa chungu kama changu na mkate wake ukasifiwa. Nilimwuliza mwenyewe mwezi uliopita, alipokuja hapa kumleta mtoto hospitali. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mkate wake nao ulikufa. Mama yake alimpitishia mwingine mlango wa uani, ndani ya kapu la nguo, kabla wakwe hawajaamka. Alisema nimtaje nikipenda, ana watoto watano sasa na hamwogopi mtu. Kwa hiyo mama, mikate iliyokufa katika nyumba ile ni ya wake wawili, mmoja alidanganya na mmoja hakudanganya, na aliyefukuzwa ni mimi.

Sasa kama umesimama, keti. Kuna jambo nimekuficha tangu Mfunguo Mosi.

Harusi ya Tatu, dada yake Mwinshehe, mikate arobaini ya kumimina iliagizwa kwa shangazi Mwanabaraka, kwa kuwa Bi Biubwa alitaka ya mkono unaosifiwa. Shangazi huu mwaka wa pili hawezi kuketi kwenye jiwe la kusagia. Yeye hukaa barazani akapokea wateja na salamu zao, na jikoni ni mimi. Kila mkate uliotoka nyumba hii kwa miaka miwili, nimeuoka mimi. Agizo lilipofika aliniuliza kama turudishe jibu kwamba hatuwezi. Nikasema tupokee. Nilisaga, nikakuna nazi, nikachuja tui, na ilipofika kukoroga niliuacha mwiko ukutani nikaingiza mkono huu mpaka kiwikoni. Nilifanya kusudi. Mikate ikapanda gari la asubuhi, ikawafikia ingali laini.

Mwanvita ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Kwamba mlikula mkamaliza na watoto wakalamba masinia. Kwamba wewe ulikula vipande vitatu, na cha nne ukakifunga katika pindo la kanga. Na kwamba Bi Biubwa alisimama katikati ya wanawake akasema mkono uliopika mikate ile una baraka, na laiti mwanawe angejaliwa mke mwenye mkono wa namna hiyo. Nilicheka siku nzima. Baadaye nikaona haya, kwa ajili yako tu, kwa kuwa nilikulisha bila kukuambia ni mimi. Hilo naliombea radhi, mama, na ninaiomba kwa moyo wangu wote. La pili la kuombea radhi sina.

Bi Biubwa asidhani namchukia kwa chungu. Siri ya chungu hakuijua, wala mimi sikuijua, wala wewe. Namchukia kwa lile neno la mimba. Mwinshehe naye mwambieni namtakia heri, ila simtaki. Alikaa na mimi miezi miwili, akala mchuzi wangu, wali wangu na maandazi yangu yaliyoumukia katika beseni, akajua kabisa mkono wangu ukoje, kisha akamwacha mama yake aseme.

Maulidi nitakuja. Nitakuja na mikate ishirini niliyoiumua mwenyewe, nitaketi mkekani pale pale walipotaka niketi, na nitawaambia wanawake wote kwamba mkono wa harusi ya Tatu ndio huu. Maji ya kombe wampe mwenye homa. Asiyetaka kula, asile, nimezoea.

Ila nakuomba jambo moja. Sinia litakapowekwa chini, wote watatazamana waone nani ataanza, na wengi watakutazama wewe, mama yake. Usimwangalie Bi Biubwa. Usinionee huruma wala usitoe hotuba. Nyosha mkono wako, umege, ule, kama ulivyokula siku ile hujui ni wangu. Wengine wakila au wasile, kwangu itakuwa yamekwisha.

Nisalimie kaka Pazi na shemeji, na wanawe uwabusu mmoja mmoja. Majirani wote wanaoniulizia kwa wema wape salamu zangu, na wanaoniulizia kwa umbeya wape pia, zitawatosha. Shangazi anakusalimu sana na anasema umletee ukwaju ukipata mtu wa kumpa. Mungu akuweke mpaka tuonane Mfunguo Sita.

Ni mimi mwanao, mtiifu kwako katika yote ila hili moja,

Adija